Mzee wetu anaogopa kurusha mbali? Jibu kwa dada wa Pittsburgh

Dada mmoja wa Mwanza aliyeolewa Pittsburgh kaniandikia Januari 2021, msimu wa 2020 umetuishia vibaya, nimefupisha kidogo:

"Kocha shikamoo. Mpira huu wa Kimarekani nimeujulia kwa baba mkwe, yeye ni shabiki wa Steelers, timu ya hapa Pittsburgh, toka miaka ya 70, yale mataulo ya njano anayo mawili na moja haliruhusiwi kufuliwa. Msimu wote huu nyumbani tunagombana na TV. Dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kufikisha yadi 10), zinatakiwa yadi 9, Ben Roethlisberger, kwotabeki wetu, yule mrusha pasi, anarusha pasi ya yadi 4, mtu anadaka anaangushwa hapohapo, tunatoka. Huyu mtu mkono wake ulikuwa kama manati, sasa anarusha kama anamgawia mtoto andazi. Mkwe anasema ni uoga wa uzee, mume wangu anasema ni kocha, mimi nipo katikati. Mechi ya mtoano na Browns ilipofika 28-0 tunafungwa, mkwe akazima TV akaenda kulala. Tuamulie basi, ni uzee, ni uoga au ni kocha?"

Marahaba dada, na mpe pole mkwe. Mimi huku Ohio, kwao Browns, nimezungukwa na mashabiki wao, wiki nzima kazini naingilia mlango wa nyuma. Miaka 9 nafundisha makwotabeki wa sekondari, vijana wa miaka 15 mpaka 18, kwahiyo swali lako nalisikia kila Ijumaa usiku kwa wazazi, "mbona harushi mbele!", ni kama nyumbani kule kiungo akirudisha mpira nyuma jukwaa zima linapiga kelele mbele! mbele! na ukimuuliza mmoja mmoja huko mbele kuna nani hakuna anayejua.

Nikupe jibu kwanza alafu ndo nieleze. Uoga hapana. Uzee upo ila sio pale mkwe anapoutafuta. Kocha yumo, tena yumo sana. Na pasi fupi yenyewe wala haina kosa, mtakuja kuona kwamba Steelers msimu huu wamechinjwa na pasi fupi za watu wengine.

Chukua hiyo plei inayowaudhi. Dauni ya tatu, yadi 9. Ben amesimama kama yadi 5 nyuma ya senta, yule anayemtolea mpira, mpira bado uko chini, yeye macho yake hayapo kwa wenzake, yanaangalia wale mabeki wawili wa mwisho kabisa, maseifti. Wako wawili, kila mmoja kakabidhiwa nusu ya uwanja na kazi ni moja tu, asipitwe mtu mgongoni. Makornabeki, wale wa pembeni, nao wamerudi wakakaa palepale penye yadi ya 9, ya 10, maana na wao wanajua kuhesabu. Kwahiyo kuanzia penye mpira mpaka yadi ya 5 pako wazi mchana kweupe, na pameachwa wazi makusudi, difensi inamwambia chukua hiyo mzee, tutamwangusha kabla hajafika. Sasa nyinyi kwenye TV hayo hamuoni. Kamera imembana kwotabeki na majitu yanayosukumana mbele yake, maseifti wako nje ya picha, mnachoona ni mtu mzima wa miaka 38 anarusha kijipasi wakati "huko mbele" (ambako hamkuoneshwa) kumejaa watu.

Niliwahi kuumbuliwa na mwanafunzi wangu kwa jambo hilihili. Kijana wa mwaka wa mwisho, mtulivu, kila akibanwa anampa mkimbiaji pasi ya yadi 2, mimi pembeni nakunja uso. Jumamosi asubuhi tupo chumbani tunaangalia video, ile ya kamera ya nyuma ya goli inayoonyesha uwanja wote, nikasimamisha picha nikamwambia haya, hapa ulirusha kifupi, kwanini? Akaniuliza "kocha, wewe ungerusha wapi?" Nikaweka kidole kwenye skrini, mpokeaji wa kulia yupo peke yake kama yadi 18. Akachukua rimoti, akaachia picha iende. Seifti aliyekuwa kasimama kama analala akaanza kukimbia kabla hata mkono wa kijana haujanyanyuka, kwa hatua nne tano akawa kafika palepale penye kidole changu. Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Yule seifti alikuwa anasubiri mtu wa kurusha pale.

Kwahiyo mtu aliyecheza miaka 17 NFL, ligi kuu ya mpira huu, anaposema hapana kwa sekunde moja, mara nyingi kaona kitu.

Ila dada, sijasema mmekosea kukasirika. Kuna kitu kweli kimebadilika, na tukiangalia namba kinaonekana. Mwaka 2018 Ben aliongoza ligi nzima kwa yadi, 5,129, na kila pasi aliyojaribu ilikuwa inaleta wastani wa yadi 7.6. Msimu huu ni yadi 6.3. Mkwe atakukumbusha huyu ndo yule aliyekuwa akishikwa na watu wawili bado anasimama nao mgongoni, anawakung'uta, anarusha yadi 40. Sawa, lakini mwambie mkwe na bei ya ile shoo. Kuanzia 2006 mpaka 2009 aliangushwa na mpira mkononi mara 46, 47, 46, alafu 50. Fikiria jitu la kilo zaidi ya 120 linakuangukia mara hamsini kwa mwaka na wewe unakusanya makombe, alichukua mawili, la msimu wa 2005 na la 2008. Msimu huu wote ameangushwa mara 13 tu. Kumi na tatu! Na haikuwa bahati, mpira ulikuwa unamtoka mkononi kwa sekunde kama 2.3, hakuna kwotabeki ligi nzima aliyeuachia haraka kuliko yeye. Katikati ya hizo picha mbili kuna tarehe 15 Septemba 2019, mechi na Seattle, kiwiko cha mkono wa kurushia kikaachia, kano zikachanika, akafanyiwa oparesheni na msimu ukaishia hapo. Mtu wa miaka 37 katoka kukatwa kiwiko, ukamwambia chagua, usimame sekunde nne ugongwe au uachie sekunde mbili uwe mzima mwezi wa kwanza kwenye mechi za mtoano. Hata wewe ungeachia.

Na mwanzoni mbona mlikuwa mnashangilia. 11-0, mechi kumi na moja bila kufungwa. Pasi zilikuwa fupi hizihizi, Oktoba mpokeaji wetu yule mtoto Claypool anapiga tachidauni (goli la huku, pointi 6) nne mechi moja dhidi ya Eagles na hakuna aliyeniandikia barua.

Kilichotokea Desemba ni kwamba ligi imesoma. Hawa watu wanalipwa kukaa usiku na video, ikifika mechi ya 12 kila mtu anajua Steelers mpira unatoka sekunde mbili, kwahiyo kukimbilia kwotabeki ni kazi bure, bora mikono juu kuzuia pasi na mabeki wote wasogee mbele waje kusimama kwenye zile yadi 5. Na kwanini wasisogee? Nani atawaadhibu? Mbio za ardhini Steelers ndo walikuwa wa mwisho kabisa, wa 32 kati ya timu 32, yadi 84 na ushee kwa mechi. Na ile danganya toto ya kumpa mkimbiaji mpira kama unampa kweli alafu unaurudisha, plei-aksheni, Ben karibu haitumii kabisa, maana inabidi uipe difensi mgongo nusu sekunde na yeye hapendi kupoteza kuona. Hapa ndo mimi nampa lawama yake. Ukitoa mbio na ukatoa danganya toto, lainibeka, beki wa katikati, hana sababu hata ya kusita hatua moja, anakuja moja kwa moja kwenye pasi.

Alafu kitu ambacho watu wengi hawakisemi: sio kwamba Ben harushi mbali. Anarusha sana tu. Ukikaa ukaangalia vizuri utaona anarusha fupi, fupi, fupi, alafu ghafla mpira wa mbingu kule pembeni ya mstari, mpokeaji na kornabeki wanaruka, nani apate apate. Kilichopotea ni cha katikati. Yadi 12 mpaka 20, katikati ya uwanja, nyuma ya lainibeka na mbele ya seifti, ile pasi inayotaka mpira uende kama risasi na mguu wa mbele ukanyage sawasawa wakati mtu anakuja kukukata magoti. Pale ndo uzee unapokaa. Mpira wa mbingu hata mtu wa miaka 45 anaurusha, ni suala la kuinua. Pasi ya katikati inataka kiwiko, nyonga na sekunde ya tatu, na mzee wetu ile sekunde ya tatu hataki kuinunua tena. Kwahiyo mkwe akisema uzee mwambie kapatia, ila aache kuutafuta kwenye pasi za yadi 4, autafute kwenye zile za yadi 15 ambazo hazipo.

Mnakumbuka nani aliyevunja ile 11-0? Tarehe 7 Desemba, Washington, na tulikuwa mbele 14-0. Kwotabeki wao ni Alex Smith, baba wa pasi fupi duniani. Huyu Kansas City walimtukana miaka mitano, mwaka 2014 wapokeaji wao wa pembeni walimaliza msimu mzima bila tachidauni hata moja, hata moja, zote zilienda kwa mataitendi (wale wapokeaji wakubwa wa karibu na mstari) na wakimbiaji. Mguu ulivunjika vibaya Novemba 2018, akapasuliwa mara 17, karudi 2020 na miaka 36, usiku ule damu inamtoka kwenye soksi na anaendelea kutupa vipasi vyake vya yadi 6, yadi 8, akamaliza na yadi 296 na ushindi wa 23-17. Pasi fupi hizohizo mnazozilaani.

Na hiyo mechi ya Browns. Kabla sijafika kwenye pasi, plei ya kwanza ya mechi senta alirusha mpira ukapita juu ya kichwa cha Ben ukaingia golini kwetu wakaulalia, tachidauni, hapo mzee hajagusa mpira. Twende mpaka mwanzo wa robo ya nne. Kutoka 35-7 tumefika 35-23, dauni ya nne, inatakiwa yadi 1, tupo karibu na katikati ya uwanja. Tomlin, kocha mkuu wetu, akapiga panti, yaani mpira ukapigwa teke mbali wapewe wao. Yadi moja! Nilikuwa nimekaa, nikasimama, mke wangu akauliza kuna nini nikasema hamna kitu, endelea kula. Browns wakachukua mpira, plei sita, yadi 80, na ya mwisho ni pasi ya skrini kwa mkimbiaji wao Nick Chubb, ilirushwa nyuma ya mstari kabisa, fupi hata kuliko zile za yadi 4 za Ben, yadi 40 mpaka ndani. 42-23. Tofauti ya ile skrini na za kwetu ni kwamba difensi yetu ilikuwa inamkimbilia kwotabeki wao kwa nguvu zote kwa sababu iliamini anaweza kurusha mbali. Hawakuwa wanasubiri fupi. Pasi fupi inauma pale ambapo mtu anaogopa ndefu.

Ushahidi mwingine wa hilo tunao nyumbani kwetu. Tarehe 27 Desemba na Colts, tuko chini 24-7, kipindi cha kwanza vilikuwa vipasi vilevile. Hakuna cha kupoteza tena, mzee akaanza kupiga mbele: Diontae Johnson yadi 39, tachidauni. Baada ya hiyo moja tu maseifti wakarudi nyuma, na tachidauni iliyofuata kwa Ebron ilikuwa ya yadi 5, imepatikana kiulaini. Alafu JuJu yadi 25, tukashinda 28-24. Kwahiyo mkono upo, sio kama zamani, lakini upo, na mume wako hapo ana haki ya kuuliza, kwanini mpaka tufungwe 24 ndo tukumbuke? Hiyo ni kazi ya kocha wa ofensi, wa mashambulizi, na Januari hii ya 2021 Steelers wameshamuonyesha huyo, Fichtner, mlango. Simlaumu yeye peke yake, maana Ben pale kwenye mstari anabadilisha plei anavyotaka, toka lini mzee wa nyumba akaulizwa kabadilishaje chaneli.

Na msidhani ni Pittsburgh tu. Jumapili ya tarehe 17 Januari mmemuona Drew Brees, kwotabeki wa Saints kule New Orleans? Kafikisha miaka 42 Ijumaa, Jumapili anacheza na Tampa, pasi 34 zikazaa yadi 134, intasepsheni tatu (zilizodakwa na wapinzani), wakafungwa 30-20. Msimu huu alivunjika mbavu lundo na pafu likaingia matatani, bado alirudi. Pasi ya tachidauni ndefu kuliko zote kwa Saints siku ile, yadi 56, ilirushwa na Jameis Winston aliyeingia kwa plei moja ya ujanja akarudi benchi kukaa. Tampa waliposogea mbele kumbana Brees hawakuwa na hofu ya kuadhibiwa, na siku walipoadhibiwa aliyewaadhibu alikuwa mtu mwingine. Mimi nampenda Brees, niliumia kuangalia ile mechi, niliizima TV kama mkwe wako ila yangu ilikuwa zimebaki dakika mbili.

Jumapili hiyohiyo Kansas City na Browns. Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, kagongwa kichwa katoka, kaingia Chad Henne, miaka 35, mtu ambaye nusu ya waangaliaji walikuwa wanajua kastaafu. Zimebaki kama dakika moja na kitu, wako mbele 22-17, dauni ya nne, haijafika hata yadi moja. Nchi nzima inajua watasimama pale wajifanye wanataka kucheza alafu wapige panti. Henne akapokea mpira akazungukia kulia, akampa Tyreek Hill pasi ya yadi 5. Mechi imekwisha. Tuliopiga panti kwenye yadi moja tulikuwa tunaangalia kwenye kochi.

Basi kwenye kesi ya nyumbani kwenu: mume ana nusu, mkwe ana robo, robo iliyobaki ni wakimbiaji na wale wanaowafungulia njia mbele, ambao kwa sababu wanayoijua wenyewe hakuna mtu nyumbani kwenu aliyewataja. Uoga sioni pa kuuweka. Mtu muoga usiku ule wa Browns asingerusha mara 68. Kadakiwa 47, hakuna kwotabeki aliyewahi kukamilisha pasi nyingi hivyo kwenye mechi moja ya NFL, yadi 501. Zikadakwa na wapinzani nne pia, ndiyo, mlilia arushe mbele, karusha mbele, hivyo ndo inavyokuwaga.

Ben arudi mwakani? Mshahara wake kwenye hesabu za timu za msimu wa 2021, kwa mkataba wa sasa hivi naandika, ulikuwa dola milioni 41 na ushee, kwa hela hiyo mimi nisingemrudisha, ila akikubali kupunguza, wakampata kocha wa ofensi atakayemlazimisha angalau kuipa difensi mgongo mara tano kwa mechi, na wakatafuta mkimbiaji wa kweli, namrudisha bila kuuliza. Bila hayo mwakani utaniandikia barua hiihii, badilisha tarehe tu.

Msimu ukianza tena jaribuni kitu. Kabla mpira haujatoka kwa senta, kamera ikiwa bado iko mbali, hesabuni seifti wako wangapi nyuma. Wakiwa wawili, msipige kelele mzee akitoa fupi. Akiwa mmoja na mwenzake kasogea mbele, na mzee bado katoa yadi 4 kwenye dauni ya tatu na 9, hapo pigeni kelele mpaka majirani waje, mimi niko na nyinyi.

Alafu muulize mkwe taratibu, kwa heshima, usimkere. Alizima ikiwa 28-0, sio? Tachidauni zote nne alizorusha Ben siku ile zilikuja kipindi cha pili. Hajaiona hata moja.